Mume wangu amerudi kutoka vitani, na mimi ndiye ninayevunjika

SWALI: Mume wangu ni mwanajeshi. Alikuwa kwenye operesheni mwaka mzima, na sasa ni miezi saba tangu arudi. Alipokuwa hayupo nilibeba kila kitu: kazi yangu, watoto wawili (mmoja ana miaka tisa, mwingine minne), madeni, hata bomba likipasuka. Sikuwahi kulia. Sasa yupo nyumbani na mimi ninalia bafuni kila asubuhi. Yeye halali usingizi. Usiku anazunguka kukagua milango, kisha anakaa sebuleni gizani. Kelele zinamchemsha, kwa hiyo watoto wanacheza kwa kunong'ona, redio nimezima, sherehe za familia tumeacha kwenda, na wenzake wakipiga simu ninawaambia amelala. Mwezi uliopita aliupiga mlango ngumi hadi ukatoboka. Siku nyingine nilimgusa akiwa usingizini akanikamata mkono, nikabaki na alama. Aliomba msamaha huku analia. Hataki daktari na hataki kusema kilichotokea huko. Kuna siku natamani wamwite tena aondoke. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Je, mimi ni mke mbaya? Na nimwambie mama yake, au ninyamaze?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Barua yako ina mambo mazito mengi, na lililo zito kuliko yote umeliandika kwa haraka: unatamani ulale usiamke. Hapo hapo ukaruka kwenda kuuliza habari za mama mkwe. Mama mkwe tutamfikia. Hili haturuki.

Kuna kutamani kulala usiamke kwa sababu umechoka, na kuna kuwa umeshaanza kufikiria namna, siku, na nani atabaki na watoto. Unajua mwenyewe uko wapi. Kama ni hilo la pili, acha kusoma. Mwambie leo hii mtu mzima mmoja unayemwamini, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, asikuache peke yako, na mwende hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Kama ni la kwanza, bado ni sababu tosha ya kumwona daktari wiki hii, na umwone kwa ajili yako. Nasisitiza kwa sababu nawajua wake wa wanajeshi: anaulizwa "unajisikiaje?" naye anajibu "hapati usingizi". Muda unaisha, na mama anarudi nyumbani na ushauri wa mgonjwa ambaye hakufika. Wewe sema kwamba hulali, kwamba unalia kila asubuhi, kwamba una mawazo ya kutokuwepo. Inawezekana kabisa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona yako inatibika hata kama mumeo hatabadilika kitu.

Sasa usalama. Mkono uliokamatwa akiwa usingizini na ngumi iliyotoboa mlango akiwa macho ni mambo mawili tofauti, ingawa umeyapanga yakifuatana. La kwanza ni la mwili uliozoea kwamba anayekugusa usiku ama anakuamsha kwa hatari au yeye ndiye hatari. Hakukuchagua wewe. Tangu leo usimguse akiwa amelala, hata akipiga kelele ndotoni. Simama miguuni mwa kitanda au mlangoni, washa taa, mwite kwa jina kwa sauti ya kawaida, mwambie ni wewe na yupo nyumbani, na urudie mpaka akujibu kwa akili zake. Mtoto wa miaka minne asiende kumrukia baba yake kitandani asubuhi. Na kama mnahitaji kulala vyumba viwili kwa miezi kadhaa, laleni. Ndoa nyingi zimeokolewa na usingizi, na sijaona iliyovunjwa na godoro la pili.

Ngumi ni habari nyingine. Alikuwa macho, na watoto walisikia. Ugonjwa unaweza kueleza hasira yake inatoka wapi, lakini haumpi ruhusa, na wengi walioumizwa na vita hawainui mkono dhidi ya mtu wa nyumbani kwao. Kwa hiyo jiulize maswali ambayo hukuyagusa. Je, anakutisha kwa maneno? Amewahi kukuzuia kutoka mlangoni? Anashika simu yako au pesa zako? Vitu anavyovunja ni vyake, au siku zote ni vyako? Amewahi kukukaba shingo, hata mara moja, hata bila kuacha alama? Hilo la mwisho watafiti wa mauaji ya wanawake majumbani wamelikuta mara nyingi mno katika historia za waliouawa, na mimi silijadili: ukikabwa, unaondoka na watoto kwanza, habari za tiba zitazungumzwa ukiwa umelala kwingine. Kwa hayo mengine, jiandae kimyakimya. Vyeti, fedha kidogo, funguo ya pili, nguo za watoto, na nyumba moja inayojua kwamba unaweza kubisha hodi saa yoyote. Usimtangazie mpango huo ukiwa na hasira, kwa maana wakati wa hatari zaidi kwa mwanamke ni pale anapoondoka au anapotangaza kuondoka.

Kama kuna silaha ndani ya nyumba, hukuitaja. Ikiwapo, ifungiwe, risasi zikae mahali pengine, na bora zaidi irudi kwenye ghala la kikosi mpaka mambo yatulie. Mwombe siku ambayo ametulia, na umwombe kwa lugha yake: silaha nyumbani kwenye watoto, utunzaji wake ni upi? Alifundishwa jibu kabla hajakufahamu wewe. Sababu ninayoifikiria ni kwamba kujiua mara nyingi ni uamuzi wa muda mfupi sana, na kilicho karibu na mkono ndicho kinachoamua. Hilo linahusu pia wewe na yale mawazo yako, kwa hiyo hata dawa nyingi zilizomo kabatini zisikae ovyo. Na muulize yeye waziwazi: "Huwa unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halipandikizi. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi.

Sasa nije kwenye swali lako. Wewe si mke mbaya. Miaka ya 1970 mtafiti wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alizichunguza familia za marubani wa kijeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, watu ambao hawakuwa wamethibitishwa kufa wala kuwa hai. Aliona kwamba kuna msiba usio na maiti wala matanga, na baadaye akaeleza kwamba unakuja kwa sura mbili. Katika sura ya kwanza mwili wa mtu haupo lakini yeye yupo nyumbani: mnamtaja mezani, watoto wanahesabu siku, simu ikilia kila mtu anakimbia. Katika sura ya pili mwili upo, tena umekaa kwenye kochi mbele yako, na mwenyewe hayupo.

Wewe umepitia zote mbili mfululizo bila kupumzika. Ile ya kwanza ilikuwa na tarehe ya mwisho, ilikuwa na heshima, majirani walikuuliza hali. Hii ya pili haina tarehe, na watu wanakupongeza: "Mzee amerudi salama, mshukuru Mungu!" Utajibu nini? Unapotamani aondoke tena, hutamani aumie. Unatamani ile hali uliyoiweza, ile ambayo ndani yake ulikuwa bado na la kungoja. Msiba unaopongezwa unachosha kuliko msiba wowote.

Ndiyo maana pia umevunjika sasa na si wakati ule. Mwaka mzima mwili wako ulijikaza kwa ahadi moja, kwamba akirudi mtagawana mzigo. Amerudi, na mzigo umeongezeka mtu mmoja. Mtu yeyote angelegea hapo.

Kabla sijasema lolote kuhusu ugonjwa wake, nitenge kwanza yale ambayo si ugonjwa. Nyumba iliyoendeshwa mwaka mzima bila mtu haiachi nafasi yake wazi. Watoto wakitaka ruhusa wanakuja kwako hata kama yeye amekaa pale pale. Wewe unajua daftari liko wapi na ada italipwa lini. Yeye anauliza kama mgeni, akijibiwa anajiona mgeni zaidi, akiamuru kama kambini watoto wanakutazama wewe usoni kuona kama watii. Hayo yanatokea karibu kila nyumba ya mwanajeshi, na penye afya hutulia yenyewe baada ya miezi. Kinachosaidia ni kumkabidhi kazi nzima badala ya nusu. Kwa mfano, mambo yote ya shule ya yule mkubwa yawe yake: madaftari, mikutano, kila kitu. Halafu wewe usipite nyuma yake kusahihisha. Atakosea siku ya kwanza, mtoto ataenda bila penseli, na hakuna atakayekufa.

Lakini kukagua milango kila usiku, kukaa gizani, kukwepa watu, kuchemka kwa kelele, kutotaka kabisa kuligusa lililotokea, tena mwezi wa saba, hayo hayafanani na mtu anayezoea nyumba. Mimi siwezi kumpima mtu kwa barua ya mke wake. Ila dalili ulizozitaja ndizo daktari angeziangalia kwanza akiutafuta ugonjwa wa kiwewe, ambao hospitalini utausikia ukiitwa PTSD. Huwa una makundi manne ya dalili: tukio kumrudia mtu kwa ndoto au akiwa macho, kukwepa chochote kinacholikumbusha, moyo kufa ganzi na mawazo kugeuka kuwa meusi, na mwili kukaa macho muda wote kana kwamba zamu haijaisha. Ili uitwe ugonjwa, dalili lazima zivuke mwezi mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 40 ya wenye ugonjwa huu hupona ndani ya mwaka mmoja. Soma takwimu hiyo kwa pande zote mbili: kupona kupo, na walio wengi hawaponi kwa kusubiri tu mwaka uishe.

Jambo moja la kuuliza mapema ni kama alikuwa karibu na mlipuko au aligongwa kichwa huko. Maumivu ya kichwa, kusahau, kukerwa na mwanga na hasira za ghafla vinaweza kutoka kwenye jeraha la ubongo lisiloonekana kwa nje, na hilo linapimwa kivyake. Wanajeshi wengine hukubali kwenda kupimwa kichwa pale walipokataa katakata kwenda kwa daktari wa akili. Mlango huo ukifunguka, upite.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Tazama orodha uliyoiandika bila kuona kama ni orodha: watoto wananong'ona, redio imezimwa, sherehe tumeacha, simu ninajibu mimi. Hakuna aliyekuamuru. Ulifanya moja ili siku ipite salama, ikapita, ukaongeza jingine. Sasa nyumba nzima ya watu wanne inaendeshwa kwa kanuni za hofu ya mtu mmoja, na mtunzaji wa kanuni hizo, usiku na mchana, ni wewe. Unaamka na kazi ya kusoma uso wake. Unasikia funguo mlangoni na kabla hajaingia umeshajua kwa jinsi zilivyolia leo ni siku gani. Kilichokuchosha ni kazi hiyo. Wewe unafikiri ni udhaifu wako.

Ubaya wake ni kwamba haimsaidii. Ugonjwa wa kiwewe unalishwa na kukwepa. Kila anapokwepa umati na asipate madhara, mwili wake unaandika kwamba amesalimika kwa sababu alikwepa, na kesho unadai zaidi. Wewe unapomkwepesha kabla hata hajaomba, unamnyima nafasi ya kugundua kwamba chumba chenye watu kumi si uwanja wa vita. Watafiti wa tiba ya wanandoa wamelipima jambo hili, na wanakuta mambo mawili yakienda pamoja: penye mwenzi anayejipinda sana kuzunguka dalili, dalili huwa kali zaidi, na furaha ya ndoa huwa chini. Ulifanya kwa upendo, na kwa mtu asiyejua hilo ndilo jambo la akili kufanya.

Usiamke kesho ukaiwasha redio kwa sauti ya juu kumfundisha somo. Chagua kitu kimoja tu, kidogo, na umwambie mapema. Ningeanza na simu, kwa sababu ni uongo, na uongo unakuchafua wewe. Mwambie: "Wenzako wakipiga sitasema tena umelala. Nitasema upo, huwezi kuongea sasa hivi. Ukitaka kuwapigia, sawa. Usipotaka, sawa." Atakunja uso. Acha akunje. Baada ya wiki mbili tatu, nenda kwenye sherehe moja. "Mimi na watoto tunakwenda Jumamosi. Ukija, tutakaa karibu na mlango na tutaondoka ukisema tuondoke. Usipokuja, tutarudi jioni." Halafu uende kweli. Asipokuja, usirudi na uso wa kumwadhibu, wala usikae huko unamtumia ujumbe kila robo saa. Mara ya kwanza utaketi pale umekaza mabega, hakuna utakachofurahia. Watoto watafurahia, nalo si dogo.

Hapa pana mpaka: hili lote linamhusu mume anayekasirika, akanuna, akajifungia. Kama kumwambia "hapana" ndogo kunakutia hofu ya kupigwa, rudi kwenye yale ya usalama niliyoyasema juu, na usijaribu peke yako.

Kuhusu kukataa kwake daktari, usiharakishe kusema ni ukaidi. Yawezekana anaogopa kupoteza cheo, kunyang'anywa silaha, kutolewa kwenye kikosi ambacho ndicho kitu pekee anachokielewa kwa sasa. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari waliotoka kwenye milipuko wakiwa hawana jeraha la kuonekana lakini macho na kumbukumbu zimeharibika. Vita hiyo hiyo, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama woga na utoro. 306 kati yao walisamehewa rasmi mwaka 2006, miaka tisini baadaye, na baadhi yao leo inaaminika walikuwa wagonjwa tu. PTSD yenyewe iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kelele nyingi za waliorudi kutoka Vietnam. Kwa hiyo mwanajeshi anayeficha hajavumbua aibu hiyo mwenyewe, ameikuta kambini. Kanuni za usiri wa daktari wa jeshi hutofautiana kati ya jeshi na jeshi, na ana haki ya kuuliza, kabla hajafungua mdomo, ni nini kitaandikwa na nani atasoma. Wapo wanaoanza na daktari wa kiraia au na kiongozi wa dini wa kikosi. Popote atakapoanzia ni pazuri.

Zungumza naye mchana, si usiku, si akiwa amekunywa, na msikae mkitazamana uso kwa uso. Wanaume wengi, na wanajeshi hasa, huongea vizuri zaidi mkiwa bega kwa bega: mnatembea, mko kwenye gari, mnatengeneza kitu. Wewe kwa mfano unatengeneza mlango uliotoboka na yeye ameshika bisibisi. Anza na ulichokiona, kisha kilichokupata wewe, kisha unachoomba, na uache hapo. "Wiki hii umelala kwa saa mbili tu kila usiku. Mtoto anachungulia kwanza mlangoni kuona kama uko vizuri ndipo alete daftari. Mimi nimefika mwisho, nimeomba kumwona daktari kwa ajili yangu. Naomba na wewe uende mara moja, kwa ajili ya usingizi tu. Nitakusindikiza mpaka mlangoni." Maneno "umebadilika" yaache, anayajua. "Nakuelewa" nayo yaache, kwa sababu humwelewi na yeye anajua hilo pia. Na usimlinganishe na mwenzake aliyerudi akatulia. Huyo mwenzake hujui anafanya nini saa nane za usiku.

Usimlazimishe akusimulie. Wake wengi huamini kwamba akisema tu, ukuta utaanguka. Pengine anachokificha si hofu aliyoiona. Pengine ni jambo alilolifanya au alilolishindwa, na anaona ukilijua hutamtazama tena kama zamani. Hilo ni la mtaalamu kulipokea kwanza. Wewe unahitaji kujua hali yake ya leo; ya huko atakuambia au hatakuambia.

Akikubali, ajue kwamba tiba ya kweli ipo na haichukui maisha yote. Zenye ushahidi mkubwa ni za mazungumzo: kurudi kwenye kumbukumbu hatua kwa hatua chini ya mtaalamu mpaka ipoteze makali, kuzichambua imani ambazo tukio liliziacha ("ni kosa langu", "hakuna pa salama"), na ile ya kulikumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu, inayojulikana kwa herufi EMDR. Kwa kawaida ni vikao takriban nane hadi kumi na sita, mara moja kwa wiki. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuzidi; msishtuke mkaacha katikati. Dawa kama sertralini, paroksetini na venlafaksini husaidia baadhi ya watu, na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Diazepamu, ile dawa ya kutuliza, na ndugu zake ziepukeni kama tiba ya ugonjwa huu, maana miongozo mingi haizipendekezi na uraibu wake ni wa haraka. Pombe ndiyo dawa ya usingizi anayoweza kujiandikia mwenyewe, nayo humlaza saa mbili za mwanzo na kumwamsha vibaya zilizobaki.

Ipo pia tiba ya wanandoa iliyotengenezwa kwa ajili ya PTSD hasa. Mwanasaikolojia Candice Monson na wenzake waliijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2012: vikao kumi na tano, mume na mke chumba kimoja, na sehemu kubwa ya kazi ni hiyo hiyo ya kuacha kukwepa, mkiiacha pamoja. Dalili zilishuka na uhusiano ukaboreka kuliko kwa waliokuwa bado wanasubiri. Kama hakuna anayeijua tiba hiyo mlipo, muulize mshauri yeyote wa ndoa kabla ya kulipa: umewahi kufanya kazi na watu wa kiwewe? Akisema mzidishe tu upendo na mawasiliano, mshukuru na mwondoke.

Watoto waambiwe, maana wanajua tayari. Wa minne anatosheka na: "Baba ana jeraha ndani, hulioni. Si wewe uliyelileta." Wa tisa ana umri wa kuuliza zaidi, na huyo ndiye ninayemhofia, kwa sababu ameshajua kucheza kwa kunong'ona. Anajifunza zamu yako. Mwondoe kwenye ulinzi huo kwa maneno kabisa: kumtuliza baba si kazi yake, wala kumnyamazisha mdogo wake. Awe na mahali pa kupiga kelele kila siku, hata kama ni nje ya nyumba.

Kama ubaki au uondoke, hukuuliza, lakini limo kwenye barua. Usiamue katika wiki ambayo hujalala. Pia usitishie kuondoka kama huna nia, kwa kuwa tishio la tatu halisikiwi. Unachoweza kufanya ni kujiwekea tarehe yako mwenyewe, tuseme miezi mitatu, na masharti mawili matatu unayoweza kuyaona kwa macho: ameonana na daktari, hajavunja kitu, watoto wanaongea kwa sauti ya kawaida. Tarehe ikifika na hakuna hata moja, kutengana kwa muda ni njia halali, na kuna wanaume ambao walikwenda kutibiwa baada tu ya kubaki na nyumba tupu. Wapo pia ambao hawakwenda. Unaweza kumpenda mtu na usiweze kuishi naye kwa hali aliyonayo.

Na sasa mama mkwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siri hii imeshakuumbua wewe. Lakini kumwambia mtu si sawa na kumwambia kila mtu. Mchague wako kwanza: dada, rafiki, mwanamke mwenzio wa kikosini ambaye mumewe naye alikwenda. Huyo umwambie yote, pamoja na ile habari ya kutamani usiamke. Mama yake mwambie yale tu ambayo ungeweza kuyarudia mwanawe akiwa amekaa hapo: halali, ana hasira, anahitaji daktari, na wewe umechoka na unahitaji watoto wachukuliwe Jumamosi mbili kwa mwezi. Ngumi na alama ya mkono mwambie kama unaamini atakulinda. Kama ni wa kukuuliza ulimkera na nini, hilo lipeleke kwa mwingine. Na kabla ya kumpigia, mjulishe mumeo siku moja mapema: "Kesho ninaongea na mama, nitamwambia hulali na mimi nimechoka." Usimwombe ruhusa. Mama wengine hulia, wengine hulaumu, na wengine hunyamaza kidogo halafu wakasema baba yake naye alirudi hivyo hivyo. Akisema hivyo, muulize ilikuwaje, na usikilize.